Asubuhi moja iliyopotea ndani ya 1976

Bandugu, sisi wa agronomia tunaotumia R kwenye Linux tunajua: pakiti nyingi zinafika mbichi, mashini njo inazikompaili. Na umeme hausubiri mtu.

Shida ile iko ya zamani. 1976, kule Bell Labs, Marekani, Steve Johnson alipoteza asubuhi nzima akitafuta kosa ambalo alikuwa amekwisha kulirekebisha. Kumbe faili haikukompailiwa upya! Mwenzake Stuart Feldman akaandika Make: inaangalia saa ya kila faili, inarudilia tu ile iliyobadilika. Ndani ya 2003 ACM ilimpa zawadi juu ya kazi hiyo.

2002, Waaustralia wawili wakaongeza yao. Ccache ya Andrew Tridgell inatunza matokeo ya zamani. Faili ikirudi vilevile, inatoa kilicho tayari. Distcc ya Martin Pool inagawa kazi kwa mashini za jirani, salongo kabisa.

Mimi ninapenda ccache, ijapokuwa mara ya kwanza haisaidii kitu. Distcc inaomba mashini nyingi, na zote ziwe na umeme saa moja. Mwenye mashini moja ajaribu make -j4: kazi nne zinaenda pamoja, kama RAM inatosha.