Sauti Sanisi si Sauti Bandia

Wengi wetu, tukizungumzia sauti ya sintesaiza, huiita "sauti ya bandia". Neno hilo halifai, na anayetaka kujua kwa nini amsikilize Nils Frahm, mtunzi Mjerumani aliyezaliwa Hamburg mwaka 1982.

Bandia siku zote hudai kuwepo kwa kitu halisi. Noti bandia huigiza noti ya benki. Mguu bandia, hata uwe na manufaa kiasi gani, husimama mahali pa mguu uliokatwa. Sauti ya sintesaiza haisimami mahali pa kitu chochote. Saketi hutetemesha mkondo wa umeme, na mkondo ukitetemeka mara 440 kwa sekunde, spika hutoa noti ya La. Uzi wa piano nao ukitetemeka mara 440 hutoa noti hiyo hiyo. Mitetemo yote miwili ni ya kweli. Kinachotofautiana ni chanzo chake, na pia maisha yake: uzi ukishagongwa, sauti huanza kufifia papo hapo na mpigaji hana la kuizidishia. Kwa sintesaiza, mwanamuziki mwenyewe huamua sauti ianze ghafla au polepole, idumu kwa muda gani, na kichujio kiondoe mitetemo ipi ya juu.

Kazi hiyo ya kuunda kitu kutokana na viambajengo vyake tayari ina jina katika Kiswahili. Mwanafunzi wa biolojia hulikuta kwenye usanisinuru, pale mmea unapojiundia chakula kwa mwanga wa jua. Basi kuunda sauti kwa saketi ni usanisi wa sauti, na inayopatikana ni sauti sanisi. Tusiichanganye na sauti ya piano inayotoka kwenye vinanda vingi vya umeme vya makanisani na kumbini: aghalabu hiyo ni rekodi ya piano halisi, iliyohifadhiwa na kuchezwa upya kila kibonyezo kinapobanwa.

Upande wa pili kuna kile kiitwacho piano ya akustika. Mimi napendelea "piano ya nyuzi". "Kinanda" pekee hakitoshi, kwani neno hilo limehama sana: katika pwani yetu lilikuwa jina la chombo cha nyuzi, leo ni chochote chenye vibonyezo. "Piano ya nyuzi" humwonyesha msomaji mahali sauti inapozaliwa.

Katika albamu yake Felt ya mwaka 2011, Frahm alitaka kupiga usiku bila kuwasumbua majirani, akaweka kitambaa kizito cha sufu kati ya nyundo na nyuzi. Kisha akasogeza maikrofoni karibu kabisa na nyuzi. Kilichorekodiwa si noti tu: mbao zinalia, nyundo zinarudi mahali pake, mpigaji anapumua. Hapo ndipo utaijua piano ya nyuzi kwa undani, kwa sababu ni mashine ya mbao, chuma na sufu kabla ya kuwa muziki.

Miaka miwili baadaye ikaja Spaces, iliyokusanywa kutoka kwenye maonyesho yake ya jukwaani. Katika kipande kimoja anapiga nyuzi za piano kwa brashi za chooni, na piano inageuka ngoma. Katika kingine, "Says", sintesaiza aina ya Juno-60 inazungusha noti chache kwa dakika kadhaa, kichujio kikifunguliwa kidogo kidogo, mwangwi ukirundikana. Piano ya nyuzi inapoingia kwa nguvu zake zote karibu na mwisho, haiji kuiumbua sintesaiza. Sauti sanisi ilikuwa imeshajenga nyumba. Piano inaingia kuishi humo.

Muziki wa namna hii tuuite muziki mseto, maana kila upande unabaki na chanzo chake na kazi yake. Nawaomba walimu wa muziki, wahariri na watafsiri waandike "sauti sanisi" na "piano ya nyuzi", na "bandia" waliache kwa vitu vinavyoshika nafasi ya vingine.