Tangi la Gesi la Southall na Ndege Iliyokosea Uwanja

Anayeshuka leo katika kituo cha treni cha Southall, magharibi mwa London, hukutana na maghorofa mapya yanayozidi kupanda upande wa mfereji. Zamani hapo palikuwa na kiwanda cha gesi. Tangu miaka ya 1930 lilisimama hapo tangi kubwa la chuma, refu kuliko jengo lolote la ibada mtaani, na ubavuni mwake zilikuja kupakwa rangi herufi mbili kubwa: LH. Mwishoni mwa muongo wa 2010 likabomolewa kupisha nyumba. Wakati huo wakazi walikuwa na ugomvi mwingine, wa harufu kali ya udongo wa kiwanda uliokuwa ukifukuliwa na kusafishwa, kwa hiyo tangi liliondoka bila kuliliwa sana. Nadhani lilistahili zaidi ya hapo.

LH ilikuwa London Heathrow. Herufi zile hazikuwekwa kwa ajili ya watu wa Southall. Ziliwekwa kwa ajili ya marubani.

Heathrow ilifunguliwa kwa ndege za abiria mwaka 1946. Ilipokuwa bado inajengwa, safari nyingi za Ulaya zilitumia Northolt, uwanja wa jeshi la anga la Uingereza ulioanza mwaka 1915, kilomita kama 10 kaskazini. Mwaka 1954 safari hizo zilihamia Heathrow, Northolt ukabaki na wanajeshi. Tatizo ni kwamba viwanja vyote viwili vilikuwa na tangi la gesi njiani. Aliyekwenda Northolt kutoka mashariki alipita tangi la South Harrow; aliyekwenda Heathrow kwa njia iliyoelekea kusini-magharibi alipita tangi la Southall. Rubani akitoka mawinguni, anaona tangi, na mbele ya tangi njia ya kutua. Moyo unatulia. Lakini tangi lipi?

Tarehe 25 Oktoba 1960, Boeing 707 ya Pan American yenye abiria 41, iliyokuwa inakwenda Heathrow, ilitua Northolt. Ieleweke 707 ilikuwa ndege gani wakati huo. Ilikuwa ndiyo kwanza ianze kuvusha watu Atlantiki kwa injini za jeti, dude la injini nne lililozoea njia ndefu za viwanja vikubwa. Njia ya Northolt haikufika hata mita 1,700. Wanajeshi waliokuwa zamu wakajikuta na wageni wasiowatarajia, na abiria wakajikuta kambini badala ya kwenye foleni ya forodha. Hakuna aliyeumia, ndiyo maana kisa hiki husimuliwa kwa kicheko hadi leo. Rubani aliyeketi kiti cha kushoto siku ile sidhani kama alicheka.

Masimulizi ya wapenzi wa anga huyatwisha matangi mzigo wote. Mimi nayatetea kidogo. Ndege ya mwaka 1960 haikuwa kipofu. Mbele ya rubani palikuwa na kipima kasi, upeo bandia unaozungushwa na jairo, kipima mwinuko, dira, na saa ya mtambo wa ILS, yaani mtambo wa redio wa kuiongoza ndege hadi njiani. Mtambo huo hurusha miali miwili kutoka uwanjani. Mmoja humwambia rubani kama yuko kushoto au kulia kwa mstari wa katikati ya njia: upande wa kushoto husikika zaidi mawimbi ya mitetemo 90 kwa sekunde, wa kulia ya mitetemo 150, na panapolingana sindano ya wima hukaa katikati. Mwingine hufanya hivyohivyo kwa juu na chini, ukimshusha kwa mteremko wa nyuzi 3 hivi.

Sasa chukua ndege iliyo kwenye mstari wa Northolt huku redio yake ikisikiliza mtambo wa Heathrow. Sindano ya wima ingelala pembeni kabisa. Na dira nayo ingeshuhudia: njia ya Northolt inaelekea karibu magharibi, njia iliyo nyuma ya Southall inaelekea kusini-magharibi, tofauti ya nyuzi 20 na zaidi. Lakini rubani akishaambiwa atue kwa macho, na njia akaiona, mara nyingi hatazami tena sindano. Jicho likiridhika huacha kuuliza. Ndiyo maana mwenye leseni ya kuruka kwa vyombo hufundishwa kuuacha mtambo wazi na kuutazama hata jua likiwaka.

Waingereza waliamua kulisaidia jicho lenyewe. Tangi la South Harrow likapakwa NO, la Southall LH.

Anga hiyo ya Heathrow iliwahusu pia watu wa Afrika Mashariki. Mwaka huohuo wa 1960, East African Airways ilianza kuruka Nairobi hadi London kwa ndege za Comet 4, kisha kuanzia 1966 kwa Super VC10, hadi shirika lilipokufa mwaka 1977. Na Wahindi waliotoka Kenya kwa wingi mwanzoni mwa 1968, kabla mlango wa Uingereza haujafungwa kwa sheria ya Machi, walitua Heathrow. Baadhi yao walihamia hapahapa Southall, chini ya tangi, na Kiswahili chao cha Nairobi na Kisumu.

Kuhusu kutua, yaliyofuata baada ya herufi zile ni mafupi. Tarehe 10 Juni 1965 ndege ya Trident ya shirika la Uingereza la BEA iliyobeba abiria ilitua Heathrow ikiongozwa na mitambo yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 njia ile ya kusini-magharibi ikaachwa, na tangi likabaki linaelekeza mahali pasipotumika.

Anayedhani makosa haya ni ya kizamani akumbuke Desemba 18, 2013. Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa inakwenda Kilimanjaro, penye njia ya mita 3,600, ilitua uwanja mdogo wa Arusha, kilomita kama 50 mbali, penye mita 1,620. Ilikwama kwenye nyasi, wananchi wakajaa kuishangaa. Ilikuwa mchana kweupe.

Kwa hiyo naiomba manispaa ya Ealing, inayosimamia Southall, na wanaojenga pale mfereji ukingoni: kati ya kuta zote hizo mpya, tengeni mmoja muandike LH kwa ukubwa ule wa zamani, na chini yake tarehe 25 Oktoba 1960.