Fidia ya Mnururisho na Jiwe la Shinkolobwe

Neno fidia, lenye asili ya Kiarabu, lilitaja kwanza mali itolewayo ili kumkomboa mateka. Katika lugha ya sheria ya leo neno hilo lataja malipo apewayo mtu aliyedhurika. Maana hizo mbili zina sharti moja: lazima ajulikane ni nani anayekombolewa, au ni nani aliyedhurika. Historia ya fidia ya mnururisho nchini Marekani yadhihirisha uzito wa sharti hilo, nayo yawahusu Wakongo kuliko inavyodhaniwa.

Bomu la kwanza la atomiki lililipuliwa kwa majaribio katika jimbo la New Mexico tarehe 16 Julai 1945. Kuanzia 1951 hadi 1962 majaribio mengine mengi yalifanyika hewani katika jangwa la Nevada, na upepo ukapeleka vumbi lake hadi mashamba na vijiji vya Utah na Arizona. Wakati huohuo wanaume wa taifa la Navajo walikuwa wakichimba urani katika mashimo yasiyopitisha hewa safi. Humo walivuta gesi ya radoni, ambayo huleta kansa ya mapafu.

Waliodhurika walikwenda kwanza mahakamani. Mwaka 1984 hakimu mmoja wa Utah aliwapa haki baadhi ya walalamikaji, lakini mwaka 1987 mahakama ya rufani ilitangua hukumu hiyo, kwa hoja kwamba serikali haiwezi kushtakiwa kwa maamuzi ya namna ile. Palipofungwa mlango wa mahakama, ukafunguliwa ule wa Bunge. Sheria ya fidia ilitiwa sahihi tarehe 15 Oktoba 1990. Ndani yake Bunge liliomba radhi kwa niaba ya taifa, kisha likapanga malipo: dola 50.000 kwa wakazi wa sehemu zilizopitiwa na vumbi, dola 75.000 kwa waliokuwapo kwenye majaribio, na dola 100.000 kwa wachimbaji wa urani.

Sheria hiyo haimdai mgonjwa athibitishe kwamba kansa yake yeye ilitokana na mnururisho, jambo ambalo ni gumu hata kwa waganga. Yamdai athibitishe mambo matatu: mahali, wakati na ugonjwa. Hata hivyo uthibitisho huo wahitaji hati. Wajane wengi wa Kinavajo, walioolewa kwa desturi za kwao, hawakuwa na cheti cha ndoa, na kwa hiyo madai yao yalikwama. Marekebisho ya mwaka 2000 yaliagiza kwamba mila za mataifa ya wenyeji zizingatiwe.

Sheria hiyo ilikoma mwezi Juni 2024, ikarudishwa mwezi Julai 2025 ikiwa imepanuliwa. Miongoni mwa walioingizwa ni wakazi wa New Mexico na wale wa sehemu kadhaa za Missouri, karibu na mji wa St. Louis. Hapo ndipo jina la Kongo linapojitokeza. Tangu 1942 kiwanda kimoja cha St. Louis kilisafisha urani ya kutengenezea bomu, na sehemu kubwa ya mawe yake ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika mgodi wa Union Minière. Mabaki yake yalirundikwa karibu na uwanja wa ndege, na sumu ikavuja hadi kijito cha Coldwater, ambako watoto walikuwa wakicheza.

Jiwe ni lile lile. Kilichotofautiana ni daftari. Mkazi wa Missouri aliyeugua kando ya mabaki sasa ana kifungu cha sheria cha kushika mkononi. Mfanyakazi wa Katanga aliyelichimba jiwe hilo na kulibeba hamo katika orodha hiyo. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, wachimbaji wa mkono wakaurudia baadaye, na mwezi Julai 2004, miezi michache baada ya amri ya Rais kukataza uchimbaji mahali hapo, shimo liliporomoka na kuua watu wanane.

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Maradhi nayo ni vivyo hivyo. Wajane wa Kinavajo walisikilizwa baada ya ushuhuda wao kukubaliwa kuwa hati. Kwa upande wa Shinkolobwe, wazee waliofanya kazi humo wanazidi kutoweka, na lugha ya kukusanyia masimulizi yao ni Kiswahili cha Katanga, ndicho kilichotumika kambini na mgodini. Kabla ya kudai fidia kwa serikali yoyote, sharti yaandikwe majina, miaka na maradhi. Kazi hiyo haingoji sheria. Ni sheria inayoingoja.