Kabla ya Kanuni Kulikuwa na Mr. Bungle

Kijana anayeomba kujiunga na seva yetu ya kuigiza maisha ya mji hupewa kanuni azisome kwanza. Usimfanyie mhusika wa mwenzako jambo asilopewa nafasi ya kulijibu. Usitumie ndani ya mchezo habari uliyoipata nje. Ugomvi wa wahusika usigeuke ugomvi wa wachezaji. Wengi huzipitia harakaharaka, wakabonyeza kukubali, maana wana hamu ya kuvaa sare ya polisi au kushika usukani wa teksi. Mimi ni mmoja wa wasimamizi wa seva hiyo, na kanuni hizi nazithamini kwa sababu nimefuatilia zilikotoka. Watu waliumia kwanza, ndipo zikaandikwa.

Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa mchezo wa Dungeons & Dragons huko Marekani, wachezaji walikaa meza moja. Mwenye kuvuka mpaka alitazamwa usoni akajirudi. Kompyuta ndiyo iliyoondoa macho hayo. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kuunda MUD, ulimwengu wa maandishi matupu ambao baadaye aliukabidhi kwa mwenzake Richard Bartle. Aliyejikusanyia pointi za kutosha humo alipanda cheo akawa mchawi, mwenye mamlaka juu ya wengine, hata ya kumfuta mhusika wa mtu moja kwa moja. Cheo cha msimamizi kilianzia hapo, na kilitolewa kwa anayejua kucheza, wala si kwa anayejua kuamua. Kwa maoni yangu kasoro hiyo haijatutoka hadi leo. Bado tunawapa usimamizi wale wanaokesha mchezoni.

Mwaka 1986 watu walianza kuujaribu mji wa Habitat, uliotengenezwa na kampuni ya Lucasfilm kwa ajili ya kompyuta za Commodore 64. Safari hii wahusika walionekana kwa picha, na waliweza kuibiana na kupigana risasi. Aliyeuawa alirudishwa nyumbani kwake mikono mitupu. Je, huo ulikuwa uhalifu au sehemu ya mchezo? Wachezaji walipoulizwa waligawanyika karibu nusu kwa nusu. Mmoja wao, ambaye katika maisha yake ya kila siku alikuwa padri wa Kanisa la Orthodoksi la Kigiriki, akaanzisha kanisa humo ndani na kuwakataza wafuasi wake kubeba silaha na kuiba. Wengine wakamchagua mkuu wa polisi, kisha wakaanza kubishana juu ya mamlaka atakayopewa. Chip Morningstar na Randy Farmer, waliouunda mji huo, waliyaandika hayo yote baadaye, na ninawashukuru kwa kuwaacha wenyeji wabishane badala ya kuwaamulia.

Lakini jambo lenyewe, lile ninalotamani kila msimamizi alijue, lilitokea LambdaMOO, ulimwengu mwingine wa maandishi matupu. Pavel Curtis, mtafiti wa Xerox huko Palo Alto, aliujenga ulimwengu huo kwa mfano wa nyumba yake mwenyewe. Mgeni aliingilia kwenye kabati la makoti, akafungua mlango, akajikuta sebuleni kati ya watu wanaoongea. Ilipofika Desemba 1992, Curtis na wachawi wenzake walikuwa wamechoka kuamua kesi za watu. Wakatangaza kwamba kuanzia hapo watabaki na kazi za ufundi tu, na wakazi wamalizane wenyewe.

Miezi mitatu baadaye, usiku mmoja wa Machi 1993, mhusika aliyeitwa Mr. Bungle, mchekeshaji mnene wa sarakasi, aliingia sebuleni akiwa na mwanasesere wa kichawi. Mwanasesere huyo alikuwa programu fupi iliyomwezesha kuandika sentensi zenye jina la mtu mwingine. Uko mbele ya kioo cha kompyuta yako, hujagusa hata herufi moja, mara unasoma mstari unaoanza na jina lako, na mstari huo unasema unatenda jambo la aibu. Kila aliyemo chumbani anausoma pia. Ndivyo alivyowafanyia ukatili wa kijinsia wahusika kadhaa, mmoja wao akiitwa legba, mpaka mzee mmoja wa mchezo alipokuja na bunduki ya kumfungia ndani ya tundu. Aliyekuwa nyuma ya legba ni mwanamke aliyeishi Seattle. Alimweleza mwandishi Julian Dibbell kwamba alipokuwa akiandika kudai haki yake, machozi yalimtiririka. Makala ya Dibbell ilitoka katika gazeti la Village Voice Desemba mwaka huohuo. Sijasoma andiko jingine linaloonyesha wazi hivi kwamba maneno ya mchezoni humfikia mtu wa nyama na damu.

Wakazi walitaka Bungle ageuzwe chura, maana yake afutwe kabisa. Walikutana, wakabishana kwa saa kadhaa. Bungle mwenyewe alitokea na kujibu ovyo, na kikao kikaisha bila uamuzi. Kisha mchawi mmoja, JoeFeedback, akamfuta peke yake. Curtis aliporudi kutoka safarini aliukuta mji umetaharuki, akaweka utaratibu wa maombi ya wananchi na kura. Waliopigiwa kura za kutosha walipata walichotaka, na wachawi walilazimika kukitekeleza. Baadaye wakazi walianzisha pia usuluhishi wa migogoro, nao ukazaa migogoro yake.

Mei 1996 wachawi walirudi nyuma. Walikiri kwamba hakuna kazi ya ufundi isiyogusa maisha ya watu, na kwamba wao wataamua tena. Nawaelewa, ingawa roho yangu iko upande wa zile kura. Kitufe cha kufungia mtu kiko mikononi mwa msimamizi, na ni afadhali wachezaji wajue ni nani anakibonyeza na kwa kosa gani. Bungle, kwa upande wake, hakukaa nje muda mrefu. Alifungua akaunti nyingine, akarudi kwa jina la Dr. Jest, na wenyeji wakamtambua.