Kusema wazi na kusema kwa kuzunguka: habari ya zamani huku kwetu



Tangu tulirudi Kamina, neno moja linatugawanya katika vikao. Wale waliokaa miaka mingi Zambia, katika kambi za Kala na Mwange, wanasema watu wa hapa wanazunguka sana. Wale waliobakia wanajibu kama sisi warudi tumeleta mudomo mukali. Tuelewane: kambini ukizunguka maneno, foleni inakupita. Mutu alijifunza kutaja shida yake kwa maneno mawili.

Lakini ugomvi huu haukuanza na sisi. Masimulizi ya ufalme wa Baluba yanaanza na watu wawili wasiopatana juu ya adabu. Nkongolo Mwamba alikula mbele ya watu wote, akacheka mudomo wazi. Mbidi Kiluwe, muwindaji aliyetoka mashariki, alikula kwa kujificha na hakuonyesha meno yake. Nkongolo akamuuliza moja kwa moja sababu gani. Mugeni akaona ni tusi, akarudi kwao, akiacha mimba kwa Bulanda, dada ya Nkongolo. Ndiko alitoka Kalala Ilunga. Kisha Nkongolo alimuchimbia kijana shimo lenye mikuki, akalifunika, akamwita acheze ngoma juu yake. Wengine wanasimulia kama mupiga ngoma ndiye alimuonya, kwa mulio wa ngoma tu. Angesema wazi, wote wawili wangekufa palepale. Tangu Kalala ashinde, adabu ya wafalme ikawa ile ya Mbidi. Hata historia yenyewe haikutangazwa ovyo: watu wa Mbudye waliisoma kwa kidole juu ya ubao wa lukasa, na asiyefundishwa aliona shanga tu.

Halafu reli ikafika. Mwaka 1928 njia ya BCK ilifika mpaka Ilebo, ikipita Kamina, na watu wa kila kabila wakakutana kituoni: Baluba wa hapa, wa Kasai, Basonge, na wengine. Kiswahili cha kazi kilikuwa kifupi. Leta. Weka. Iko wapi? Hakuna nafasi ya kuuliza kwanza habari ya nyumba ya mutu. Ndio maana mpaka leo Kiswahili chetu kiko na haraka kuliko Kiluba chetu.

Kusema wazi nako kulituumiza. Mwaka 1992 na 1993, wakati gavana alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, watu wa Kasai waliitwa bilulu, ni kusema wadudu, hadharani kabisa. Treni zilizowafukuza zilipita hapa Kamina kwenda Mwene-Ditu. Hapo hakuna aliyezunguka maneno. Wakubwa wetu wanasema pia kama majirani wengi hawakupenda, lakini waliogopa, wakanyamaza. Kunyamaza huko sisi hatukuiti adabu.

Sasa mambo ya chama. Mbegu za mahindi zilitufikia mwezi wa kumi na mbili, na huku mvua inaanza mwezi wa tisa au wa kumi. Mugeni aliyetumwa akauliza kama tumefurahi. Muzee wetu akajibu: «Eyo vidye, mbegu ni nzuri. Mvua ndiyo ilikuwa na haraka.» Watu wote wakainamisha kichwa, juu walisikia. Mugeni akaandika: nzuri. Muzee hakudanganya hata kidogo. Alisema yote, kwa namna ambayo mutu haaibishi anayemuletea zawadi. Mwanachama mumoja aliyetoka kambini alitaka kusimama aseme tarehe, mama mumoja akamuvuta nguo.

Kwa wafadhili tunaomba hivi: mukisikia «eyo», mujue kwanza ni «tumekusikia». Mukitaka kujua kilichopunguka, muulizeni mama mutunza sanduku, pembeni, kisha kikao, na mukae kidogo. Na ninyi warudi, tarehe za mbegu muziandike katika daftari la chama. Karatasi haimvunjii mutu heshima, na mwezi wa tisa si mbali.