Kujipigapiga: jina la mbinu ya vidole

Mwanafunzi wa uuguzi anayesubiri kuitwa kwenye mtihani wa vitendo ana kazi mbili: kukumbuka hatua za kuweka kanula, ambazo usiku wa jana alizikariri zote, na kutuliza vidole vinavyotetemeka. Huko Marekani na Uturuki wanafunzi wa namna hii wamefundishwa mbinu ambayo mtazamaji anaweza kuidhania mchezo. Kwanza mwanafunzi anaupa wasiwasi wake alama, kuanzia 0 hadi 10. Kisha, kwa ncha za vidole, anajipiga taratibu ukingoni mwa kiganja huku akisema jambo kama, “Ingawa naogopa kukosa mshipa mbele ya mtahini, najikubali nilivyo.” Hapo anahamia usoni: mwanzo wa unyusi, pembeni mwa jicho, chini yake, chini ya pua, kidevuni, anashuka kwenye mtulinga, anapita ubavuni chini ya kwapa, anamalizia utosini. Akimaliza mzunguko anaupima wasiwasi upya.

Chanzo chake ni Roger Callahan, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyeanza katika miaka ya 1980 kuchanganya saikolojia na nadharia ya Kichina ya njia za nishati mwilini, ileile inayotumika kwenye tiba ya sindano. Miaka ya 1990 Gary Craig, mhandisi, aliirahisisha njia ya Callahan na kuipa jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa “mbinu za uhuru wa hisia”. Mimi silipendi. Linatangaza matokeo kabla mtu hajainua hata kidole.

Afadhali tukitaje kitendo. Lakini kitendo gani? “Kugonga” kuna wenyewe tayari: wodi ya majeruhi imejaa waliogongwa na bodaboda, na kifua cha mgonjwa hugongwa kwa kidole ili kusikia kama kuna maji. (Mtaani neno hilo lina maana nyingine pia, na darasa la vijana halitaacha kucheka.) “Kugusagusa” ni kubaya zaidi, kwa kuwa muuguzi anayemgusagusa mtu ataitwa kwenye kamati ya maadili. “Kukanda” na “kuchua” kunataka misuli na nguvu ya mkono.

Linabaki “kupigapiga”. Mama anayempigapiga mtoto mgongoni ili acheue hampigi. Kitenzi kikirudiwa, ukali unapungua na mwendo wa kujirudia unabaki, na hivyo ndivyo vidole vinavyofanya. Tukiongeza -ji-, inakuwa wazi kwamba mtu anajifanyia mwenyewe: kujipigapiga. Na mbele yake niweke “mbinu ya”, si “tiba ya”. Mwaka 2010 ilichapishwa taarifa ya vijana yatima wa mauaji ya kimbari nchini Rwanda waliohudumiwa kwa njia ya Callahan. Pale waliotibiwa walikuwa na kiwewe, na mtaalamu alikuwepo, kwa hiyo “tiba” ina mahali pake. Mwanafunzi anayeogopa mtihani si mgonjwa.

Sababu nyingine ya kuwa na kiasi katika jina ni ushahidi wenyewe. Mwaka 2016 jarida la Nurse Education Today lilichapisha utafiti mdogo wa awali ambamo wanafunzi wa uuguzi wa Marekani walipungukiwa na wasiwasi baada ya kufundishwa mbinu hii. Mwaka 2020 watafiti wa Uturuki waliilinganisha na muziki kwa wanafunzi wenye hofu ya mtihani; vyote viwili vilisaidia. Ila utafiti wa Kanada wa mwaka 2003 ndio unaonifikirisha zaidi. Kundi moja lilijipigapiga kwenye sehemu zilizoelekezwa, la pili kwenye sehemu zisizohusika, la tatu likampigapiga mwanasesere. Hofu ilipungua katika makundi yote matatu. Basi huenda nafuu inatokana na kutua, kuitaja hofu kwa jina na kuipima, wala si njia za nishati. Mwanafunzi anayepata nafuu hadaiwi kuiamini nadharia ya Callahan.

Hofu yenyewe magazeti yetu huiita “msongo wa mawazo”, ilhali wanafunzi wanasema tu “stresi”. Nadhani hapa wanafunzi wako karibu zaidi na ukweli. Mtu aliyekaukwa na koo, jasho likimtoka ndani ya glavu, hasongwi na mawazo peke yake. Katika makala za uuguzi ningeandika “msongo”, nikaishia hapo, ili mwili nao uwemo.

Neno jingine linalohusishwa na mbinu hii, “kujiamini”, linataka tahadhari zaidi. Sentensi ya mbinu hii inasema “najikubali”, haisemi “naweza”. Albert Bandura, aliyeandika juu ya imani ya mtu katika uwezo wake mwaka 1977, aliweka mbele ya yote tendo lililokwisha kufanikiwa. Kujipigapiga kunaweza kuutuliza mkono ukapata mshipa kwenye mkono wa plastiki maabara, na baadaye, muuguzi wa zamu akisimama pembeni, kwa mgonjwa wa wodini; ni mafanikio hayo yanayojenga kujiamini. Kwa hiyo mkufunzi anayeweka dakika chache za kujipigapiga kwenye ratiba asizikate kutoka kwenye saa za mazoezi.