Kabla ya Dawa Kulikuwa na Chira

Wasee, leo tuachane na siasa kidogo. Tuongee kuhusu kukonda.

Huku kwetu Migori na Homa Bay, mtu akipungua mwili bila sababu, nyama ikiisha hadi unahesabu mbavu, Wajaluo walikuwa na jina lake: chira. Maana yake kuna mwiko umevunjwa. Lazima atafutwe mwenye makosa, na mara nyingi kidole kilimwelekea mjane. Mume alikufa, kesi akaachiwa mke.

Ng'ambo ya ziwa, Rakai nchini Uganda, watu waliona kukonda huko huko mapema miaka ya 1980. Wao wakakuita Slim, na wengi wakasema ni uchawi. Kisha mwaka wa 1985 daktari David Serwadda na wenzake wakachapisha utafiti katika jarida la The Lancet: Slim inahusiana na virusi vya Ukimwi.

Tofauti ni hapo. Chira inauliza, nani alikosea? Utafiti unauliza, nini kinaula huu mwili? Jibu ni kwamba virusi vinabomoa kinga, TB na kuhara vinaingia, chakula hakikai, na mwili unaanza kula misuli yake wenyewe. Shirika la Afya Duniani hata liliweka kipimo: kupoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito, pamoja na kuhara au homa ya zaidi ya mwezi.

Lakini kujua si kupona. Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mwaka wa 1999, wakati dawa za mtu mmoja ziligharimu kama dola 10,000 kwa mwaka. Nani huku angeziweza? Mwaka wa 2001 kampuni ya Cipla ya India ikajitolea kuyauzia mashirika ya misaada kwa dola 350. Mwaka huo huo Madaktari Wasio na Mipaka wakaanza kutoa dawa bure katika hospitali ya serikali ya Homa Bay, miongoni mwa za kwanza nchini. Baadaye, kuanzia 2013, utafiti wa SEARCH ulipima watu katika jamii 32 za Kenya na Uganda. Uliwafuata huko huko mashinani, ukapima virusi pamoja na presha na sukari.

Mimi niliacha chuo, sina digrii ya udaktari wala ya historia. Lakini hesabu hii naiona. Rika letu halikumbuki Slim kwa sababu dawa zimeificha. Mtu anameza tembe, ananenepa, anaenda shamba, nasi tunadhani ugonjwa uliisha wenyewe. Haukuisha. Umezuiliwa, na kila siku kuna mtu anaulipia.

Mlipaji mkubwa amekuwa Marekani. Januari 2025 ilisimamisha misaada yake ya nje, na kila anayetegemea tembe hizo akashika roho mkononi. Tembe zikikosekana, kukonda kutarudi. Na kukirudi, msishangae mkisikia tena neno chira, na mjane fulani akiitwa mbele ya wazee.

Kwa hivyo wakija kuomba kura 2027, msiulize barabara peke yake. Waulizeni: dawa zetu, kaunti imetenga pesa ngapi?